Siku ya tatu mpe jembe: somo kutoka bustani za Texas

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na wengi wetu tunaitumia kama utani wa kumsukuma nje mtu aliyekaa sana. Mjomba amekuja kutoka kijijini, wiki ya pili inaisha, haagi, mtu anacheka pembeni na kusema, "Huyu sasa apewe jembe." Maana tuliyoizoea ni kwamba jembe ni adhabu, na kwamba ukarimu una mwisho wake.

Leo tunataka kusema kinyume. Kwa yale tuliyoyaona hapa Plano, kaskazini mwa Dallas, tunaamini kwamba jembe ndilo karibu lenyewe. Wali na kuku wa siku ya kwanza ni adabu, na ni adabu nzuri, lakini havimfanyi mgeni kuwa mwenzetu. Kinachomfanya kuwa mwenzetu ni kazi anayoifanya bega kwa bega na wengine.

Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 katika andiko lake juu ya Ujamaa, akieleza kwamba katika jamii zetu za jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Akaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: kwamba mara nyingi mgeni mwenyewe ndiye aliyekuwa akiomba jembe kabla mwenyeji hajampa. Hapo ndipo hoja yetu inapoanzia. Je, mgeni mwenye haya, asiyeweza kuomba, afanyweje? Akikaa kimya tumwache kimya chake?

Wasomaji wetu mlio nyumbani huenda mkashangaa: haya ya nini huko Majuu, mahali ambapo kila kitu kipo? Basi tuwasimulie.

Bibi wa Muheza

Miaka michache iliyopita bibi mmoja wa Muheza, mkoani Tanga, alikuja Plano kwa bintiye kusaidia kulea wajukuu. Hatutamtaja jina kwa sababu mwenyewe hapendi. Bintiye ni muuguzi wa zamu za usiku, mchana analala. Mkwewe ni dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani. Watoto huchukuliwa asubuhi na basi la shule la njano, na hawarudi mpaka alasiri. Bibi akabaki na nyumba kubwa iliyo kimya, televisheni isemayo lugha asiyoielewa, na simu ya kuwapigia ndugu ambao, mchana wa Texas ukifika katikati, kwao ni usiku na wanajiandaa kulala.

Plano si mji wa kutembea kwa miguu. Ukitoka mlangoni unakuta nyasi, barabara pana na magari. Hakuna genge la nyanya kwenye kona, hakuna jirani anayepaza sauti kukujulia hali. Mtu anaweza kukaa mwezi mzima bila kuiona sura ya mtu wa nyumba ya pili, kwa sababu mlango wa gereji hufunguka wenyewe, gari huingia, mlango hujifunga.

Watanzania wenzake walimkaribisha, hilo tuseme kweli. Alialikwa kwenye sherehe, akapelekwa misibani. Lakini huko alikaa jikoni akiosha vyombo, kwa sababu ukumbini maneno yalikuwa ya watu wanaojuana: nani kanunua nyumba, nani kapata makaratasi, nani kafungua kampuni ya kutunza wazee. Akiulizwa jambo alijibu "salama tu" na kurudi jikoni. Watu wakasema, "Bibi ni mpole." Hakuna aliyesema Bibi ni mpweke. Miezi minane ilipita hivyo, akakonda, akaanza kuulizia tarehe ya tiketi ya kurudi.

Siku moja ya Machi tulimshauri bintiye ampeleke kwenye bustani ya jumuiya. Kwa wasiozijua, hizi ni sehemu za ardhi ya jiji, ya kanisa au ya chama, zilizogawanywa vitalu vidogo ambavyo watu hukodi kwa ada ya mwaka na kulima mboga zao. Maji yapo, mboji ipo, na toroli na reki huwa za wote.

Bibi alifika akakataa kushuka garini. Alikaa humo zaidi ya dakika ishirini, mkoba mapajani, akiwatazama watu wenye kofia kubwa wakiinama na kuinuka. Kilichomtoa garini hakikuwa mtu. Kilikuwa ukoka.

Ukoka mnaujua: yale majani yatambaayo, yenye mizizi kila pingili, ambayo ukikata kipande na kukiacha shambani, kesho ni mmea mpya. Hapa Texas ukoka huitwa nyasi za Bermuda, ingawa asili yake ni Afrika. Ndizo nyasi za mbele ya nyumba nyingi za Plano. Watu wanazipanda kwa fedha, wanazitia mbolea, wanazimwagilia, wanawalipa vijana kuzikata. Kisha mtu huyohuyo akienda bustanini kulima nyanya, ukoka huohuo humfuata chini ya ubao wa kitalu na kumtesa mpaka anakata tamaa.

Mzee mmoja wa Kitexas alikuwa akiukata ukoka kwa juu na kuutupa palepale pembeni ya kitalu chake. Bibi alivumilia akashindwa. Alishuka, akaenda moja kwa moja, akapiga magoti, akaanza kufukua kwa vidole akifuata mzizi mpaka mwisho wake, akauvuta wote kama kamba na kuurusha kwenye lami ukakauke juani. Hakusema neno. Mzee akamtazama, akaenda kwenye banda la vifaa, akarudi na jembe, akampa.

Walifanya nini hasa?

Tumefikiri sana juu ya asubuhi ile, na tunaona kwamba wale wakulima wa bustanini walifanya mambo matatu ambayo sisi, kwa ukarimu wetu wote tunaojisifia, hatukuyafanya kwa miezi minane.

La kwanza, walimpa kazi kabla ya kumhoji. Sisi mgeni akifika tunaanza na maswali: wewe ni wa wapi, kabila gani, umekuja kwa visa gani, unafanya kazi wapi, unakaa kwa nani. Tunadhani ni mazungumzo ya kujuana, lakini kwa mtu mwenye haya kila swali ni mlango unaofungwa, hasa ikiwa makaratasi yake hayajakaa sawa, au digrii aliyokuja nayo haijampatia kitu zaidi ya kubeba boksi. Bustanini hakuna aliyemwuliza lolote. Wiki ya tatu ndipo mzee yule alipomwuliza jina, na hapo walikwisha kulima pamoja tuta zima.

La pili, walitaka kujua anachokijua, si anachokikosa. Bibi hajui Kiingereza, hajui kuendesha gari, hajui kutumia mashine ya benki. Kwa miezi minane maisha yake yote yalikuwa orodha ya asivyovijua. Kumbe anajua kuondoa ukoka. Anajua kwamba mchicha hupandwa kwa kunyunyiza mbegu zilizochanganywa na mchanga ili usisongamane. Anajua kukata vikonyo vya matembele na kuvichomeka ardhini vikaota bila mbegu. Kiangazi cha Texas kinapopita nyuzi 38 na letasi na spinachi za wenyeji zikaungua, mchicha, bamia, kunde na matembele ndiyo kwanza yanashangilia. Ilipofika Julai, vitalu vya watu vilikuwa vikavu na cha Bibi kilikuwa kijani. Watu wakaanza kuja kwake kuuliza, na yeye akawa anajibu kwa mikono.

Aligundua pia kwamba wenzake wa nyumbani walikuwa wamemtangulia. Bamia ni zao la Afrika, na Watexas wanalikaanga kwa unga wa mahindi kama chakula chao cha jadi. Kunde ni za Afrika pia, zilivuka bahari pamoja na watu waliotiwa utumwani, na leo watu wa Texas hula kunde siku ya mwaka mpya ili wapate bahati. Mji wa Athens, kusini mashariki ya Dallas, hujiita makao makuu ya kunde duniani. Bibi alipoelezwa hayo alicheka, akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyechelewa."

La tatu, na kwetu hili ndilo kubwa, hawakumcheka alipokosea. Mwaka ule wa kwanza Bibi alipanda mbaazi. Zikapanda juu kumpita kimo chake, majani mazuri, shina nene. Oktoba hakuna ua. Novemba maua machache. Kisha ikaja baridi ya usiku mmoja, asubuhi mbaazi zote zimekuwa nyeusi kama zilizopikwa. Bibi aliona aibu, akakaa nyumbani wiki mbili, akidhani atasemwa kwamba hajui kulima.

Aliyemfuata nyumbani ni mama mmoja wa Kihindi, mwenye asili ya Gujarat, mwenye kitalu cha jirani. Alikuja na pakiti ya mbegu. Kwa msaada wa binti aliyeamshwa usingizini kutafsiri, alieleza kwamba kosa halikuwa la Bibi. Mbaazi za kienyeji zinasubiri siku ziwe fupi ndipo zitoe maua, na huku kaskazini siku zinapofupika vya kutosha, baridi imekwisha kubisha hodi. Zipo mbaazi za muda mfupi ambazo huzaa mapema kabla ya baridi. Na yeye mwenyewe, alisema, alipoteza mbaazi za miaka miwili kabla ya kujua. Wakanywa chai. Wakagundua kwamba chai ni chai kwa wote wawili, na chapati ni chapati, na duka na gari havipishani sana. Bibi akarudi bustanini.

Ndugu wasomaji, kumfuata mtu nyumbani baada ya kushindwa, ukaanza kwa kumweleza kushindwa kwako wewe: kuna karibu kubwa kuliko hiyo?

Si jambo la bahati

Mtu anaweza kusema Bibi alibahatika kukutana na watu wema. Sisi tunaona kuna zaidi ya wema wa mtu mmoja mmoja. Kilimo chenyewe kina tabia ya kuwaunganisha watu, na nchi hii ya Texas ina historia yake katika jambo hilo.

Plano tunayoiona leo, yenye makao makuu ya Toyota kwa Amerika Kaskazini na majengo ya vioo, ilikuwa kijiji cha wakulima wa pamba na nafaka. Sensa ya mwaka 1960 iliwakuta watu 3,695. Ile ya mwaka 2020 ilikuta watu 285,494. Maana yake ni kwamba karibu kila mtu hapa ni mgeni, au ni mtoto wa mgeni, na anayejidai mwenyeji amewahi tu kufika. Nyumba ya mkulima iliyojengwa mwaka 1891 bado imesimama katika Mtaa wa 15, sasa ni makumbusho, na watoto wa shule hupelekwa kuona kondoo na kuku ambao babu zao walikuwa nao uani.

Chini ya lami hizo kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Aina yake maarufu huitwa Houston Black, na hutambuliwa kama udongo wa jimbo la Texas. Watu wa Shinyanga na wa Mwea, Kenya, wangeutambua mara moja: ni jamaa wa udongo wa mbuga. Mvua ikinyesha unavimba na kunasa kiatu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Hapa unavunja hata misingi ya nyumba, ndiyo maana wakati wa kiangazi utawaona watu wamelaza mipira ya maji kuzunguka kuta. Bibi aliwahi kutuuliza kwa mshangao kwa nini Wamarekani wanamwagilia nyumba. Udongo wa namna hii hauna msomi. Kila mgeni unamshinda mwaka wa kwanza, awe profesa au mkimbizi, na kila mmoja hulazimika kumwuliza aliyemtangulia.

Tena, mashariki ya Dallas kuna mji uitwao Terrell. Mwaka 1903 mtaalamu Seaman Knapp alikubaliana na mkulima Walter Porter ajaribu njia mpya za kilimo katika shamba lake mwenyewe, majirani wakishuhudia. Wafanyabiashara wa mji walichanga fungu la kumfidia endapo angepata hasara. Hakupata hasara, alipata faida. Kutoka hapo ilikua huduma ya ugani ya Marekani, iliyowekewa sheria mwaka 1914, na mabwana shamba wa wilaya waliopo hadi leo. Tunapenda kisa hiki kwa sababu ya ule mchango. Watu wa Terrell walielewa kwamba mtu haogopi kujifunza, anaogopa kuaibika na kufilisika mbele ya wenzake. Wakaitoa hofu hiyo kwanza.

Ukienda kilomita 400 hivi kusini, Houston, utakuta jambo kama hilo kwa watu wetu wa Maziwa Makuu. Tangu mwaka 2011 shirika la Plant It Forward limekuwa likiwafundisha wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, kulima mboga katikati ya jiji, kwenye viwanja vilivyokuwa vitupu, kimojawapo ardhi ya Chuo Kikuu cha St. Thomas. Mkulima hupata mafunzo, kipande cha ardhi na njia ya kufikia wateja wanaolipia mboga za kila wiki. Mtu aliyefika akiwa "mkimbizi namba fulani" anasimama sokoni Jumamosi asubuhi akiwa mkulima, mteja anamwuliza mboga hii inapikwaje, na yeye ndiye mwalimu.

Hata Wabantu wa Somalia, ambao mababu wa wengi wao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, na ambao baadhi yao wanazungumza Kizigua mpaka leo, walipitia njia hiyohiyo. Marekani ilianza kuwapokea kwa wingi kati ya mwaka 2003 na 2004. Huko San Diego, California, waliomba ardhi ya kulima. Shirika la International Rescue Committee likawasaidia, vibali vya jiji vikachukua muda mrefu, na mwaka 2009 shamba la New Roots likafunguliwa. Aprili 2010 Michelle Obama, mke wa rais wa wakati huo, alilitembelea. Watu waliohesabiwa kuwa mzigo wakawa wenyeji wa mke wa rais, shambani mwao.

Na sisi je?

Sasa tujitazame. Vyama vyetu vya Dallas, Fort Worth na Houston vinafanya kazi kubwa. Mtu akifariki, michango hupatikana na maiti inafika nyumbani. Tunaheshimu hilo. Lakini tujiulize kwa nini tunajuana vizuri zaidi kwenye misiba. Marehemu tunamsindikiza kwa heshima mpaka kwao, na mgeni aliye hai, aliyefika juzi, tunamwacha jikoni akiosha vyombo.

Tunajua zipo hoja za kutupinga. Wapo watakaosema: tumesoma ili tuepuke jembe, leo mnaturudisha shambani? Hoja hii ina mizizi. Wengi wetu tulipewa jembe shuleni kama adhabu ya kuchelewa au kuongea darasani, na wazazi wetu walituambia usiposoma utalima. Tulifundishwa kulionea aibu, na aibu hiyo tumeibeba mpaka ng'ambo. Lakini tuangalie waliokuwa bustanini asubuhi ile: mhandisi mstaafu, daktari wa meno, mwanafunzi, mama wa Gujarat. Hakuna aliyekuwapo kwa sababu alifeli mtihani.

Wengine watasema muda hakuna. Mtu wa zamu mbili, anayelala saa tano, utamwambia habari za mchicha? Hili tunalikubali. Bustani haitalipa kodi ya nyumba, na hatumwambii mtu aache kazi. Lakini wapo wazazi tuliowaleta na kuwafungia ndani, wapo vijana waliofika wakisubiri kibali cha kazi, wapo mama zetu wanaolea watoto peke yao siku nzima. Hao muda wanao, tena ndio unaowaua. Saa mbili za asubuhi, mara mbili kwa wiki, ni jambo dogo kwa anayewapeleka na kubwa kwao.

Wengine watauliza: kwa nini bustani, kwa nini si ukumbi? Kwa sababu ukumbini mtu mwenye haya hana pa kuweka mikono yake. Bustanini mikono ina kazi, macho yana pa kutazama, na kimya si kosa. Watu wawili wanaweza kupalilia saa nzima bila neno na wakaondoka marafiki.

Kwenu mlio nyumbani

Msidhani somo hili ni la Texas tu. Siku moja sisi tulio ughaibuni tutarudi, na siku hiyo wageni wenye haya tutakuwa sisi.

Tayari wengi wetu ni wakulima wa simu. Tumenunua heka Kibaha, Kitengela au Mkuranga, tunamtumia fedha binamu, tunaletewa picha. Tumepoteza fedha nyingi, na si kila mara kwa sababu ya wizi. Mara nyingi tumepotea kwa sababu tuliona aibu kuuliza. Mtu mwenye shahada mbili anaona haya kumwuliza jirani wa shamba, mwenye suruali iliyochanika, mvua za vuli za pale huanza lini hasa na maji husimama upande gani. Badala yake anafuata uvumi. Wakenya watakumbuka habari ya kware: mwaka 2013 kila mtu alitaka kuwafuga, ikasemwa mayai yake ni dawa ya kila ugonjwa, watu wakawekeza akiba zao, na mwaka 2014 soko likaanguka, wakabaki na ndege wasio na mnunuzi. Mfugaji mzee wa kijijini angeweza kuwaambia swali moja tu: majirani wanakula mayai hayo? Lakini nani alimwuliza?

Kwa hiyo tunawaomba nanyi. Mtu wa Majuu akija na buti zake mpya na kompyuta yake, msimpandishie bei tu na kumcheka pembeni mahindi yake yakiungua. Mfuateni kama yule mama wa Gujarat alivyomfuata Bibi, mmweleze na ninyi mlivyowahi kuunguza. Na sisi tukija, tuje tukiwa tayari kupewa jembe.

Tunachopendekeza

Hatutaki kuishia kwenye maneno. Tunapendekeza kila chama cha Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo na Warundi katika eneo hili kikodi angalau kitalu kimoja katika bustani ya jumuiya iliyo karibu nacho, kwa jina la chama, kabla ya msimu kuanza. Viazi mviringo hupandwa Februari. Nyanya husubiri katikati ya Machi baridi ikishapita. Bamia, mchicha na kunde husubiri Aprili udongo upate joto. Sukuma wiki ni ya Septemba, na baridi ndogo huifanya iwe tamu zaidi. Kila msimu una mahali pa kumwingiza mgeni.

Pili, kila chama kiteue mtu mmoja wa kumfuata mgeni nyumbani kwa gari, maana bila gari hapa mtu ni mfungwa. Asiwe msemaji mkubwa wa chama. Awe mtu mvumilivu, anayeweza kukaa kimya dakika ishirini garini na mgeni asiyetaka kushuka.

Tatu, tusiwahimize wazazi wetu kuficha mbegu kwenye sanduku la safari. Forodha ya Marekani inataka mbegu zitangazwe, na zisizo na cheti cha afya ya mimea hunyang'anywa, na faini inaweza kufuata. Hakuna haja. Mbegu za mchicha, bamia na kunde ziko tayari hapa, katika maduka ya Wahindi na Waasia na mikononi mwa wakulima wa vitalu vya jirani, ambao hufurahi kugawa.

Na mwisho, tuache maswali matatu mpaka wiki ya tatu: kabila lako, makaratasi yako, kazi yako. Tuanze na hili: unajua kulima nini?

Bibi hakurudi Muheza tarehe ile aliyoiulizia. Aliongeza muda kwa utaratibu wa sheria, akavuna mbaazi zake za mwaka wa pili, akazipika kwa nazi, akapeleka sufuria bustanini. Alipoondoka hatimaye, kwa hiari yake na akiwa amenenepa, alimwachia yule mzee wa Kitexas bahasha ya mbegu za mchicha alizozikausha mwenyewe. Mzee anazinyunyiza kwa kuchanganya na mchanga, kama alivyofundishwa. Na ukoka anauvuta mpaka mwisho wa mzizi.

Kitalu cha Bibi sasa hakina mtu. Sisi tumekilipia mwaka mmoja, na jembe liko bandani. Tunamsubiri mgeni.